Jiwe la Bibi

Mashindano yalikuwa ya watoto wanaoanza kuprogramu, lakini waliozungumza ni wakubwa. Wageni watano waliotoka mjini walitueleza kwamba dunia inakwenda kasi. Walitueleza kwa saa mbili na nusu, watoto wakisubiri mezani.

Mjukuu wangu Aika, wa kidato cha pili, alikuwa na laptopu ya Mwalimu Hilda. Mwalimu alimwazima wiki tatu, mwenyewe akaandika maswali ya mtihani kwa mkono. Kesho yake ilitakiwa kurudishwa. Zawadi ya kwanza ilikuwa laptopu mpya, na Aika hakuwaza kingine.

Kwenye gemu aliyoitengeneza, bibi anapanda mlima wa Masama na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Ng'ombe yuko bandani, anatafuna.

Jaji, Bwana Leodegar, aliinama kutazama.

"Shikamoo," alisema Aika.

"Marahaba. Mbona ng'ombe hatembei?"

"Ng'ombe wetu ni wa ndani. Anayetembea ni bibi."

"Basi weka simba amkimbize. Watalii wanapenda simba."

"Simba Masama?" alicheka mtoto wa meza ya pili. "Atakula ndizi?"

Bwana Leodegar akaanza kucheza. Alibonyeza haraka haraka, bibi akaangusha mzigo. Akabonyeza tena, mzigo chini.

"Mwanangu," nilimwambia jaji, "mlima huo haupandwi hivyo. Polepole."

Mara ya tatu bibi alifika kwenye kona, akaketi juu ya jiwe, akakataa kuondoka mpaka pumzi itulie.

Jiwe lile nililitambua. Liko njiani kwetu, limepinda upande mmoja. Miaka yote nilidhani hakuna anayeniona nikiketi pale.

"Hapa muda unapotea," alisema Bwana Leodegar. "Toa jiwe, bibi apande moja kwa moja, nafasi ya kwanza ni yako. Dakika kumi zinakutosha."

"Litoe, mama," nilimnong'oneza Aika. "Ni jiwe la kwenye kompyuta tu."

Aliweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Kisha akayatazama magoti yangu.

"Sasa utakaa wapi, Bibi?"

Hakulitoa.

Laptopu ilikwenda kwa mtoto mwingine, mwenye gemu ya simba. Aika alipata nafasi ya tatu, na mwavuli mkubwa ulioandikwa KASI YA KIDIJITALI. Tukirudi nyumbani, alilia mpaka tulipofika Bomang'ombe. Kesho yake alirudisha laptopu akiwa ameifuta vumbi vizuri. Mwalimu Hilda akamwambia Jumamosi hana kazi nayo, aje tu aitumie.

Jioni tulikwenda kukata majani. Tulipokuwa tunarudi, mvua ikatukuta kwenye kona. Niliketi juu ya jiwe langu, Aika akanifunika kwa Kasi ya Kidijitali, tukatulia pale mpaka mvua ikakatika.