Kifua Wazi Kwenye Rafu ya Mashujaa

Solvei Haugstad aliwasha kompyuta kabla hata ya kupika kahawa, akakuta kitabu chake kimeota kifua cha mwanamume.

Hakikuwa kifua kibaya. Kilikuwa kipana, kimepakwa mafuta, na kilisimama katikati ya dhoruba ya theluji bila hata fulana. Chini ya kitovu ndipo lilipoandikwa jina lake, Solvei Haugstad, kwa herufi za dhahabu zenye mikia. Jana yake, jalada la *Chumvi ya Barabarani* lilikuwa na gari la kusukuma theluji lenye taa za njano, na juu ya boneti mwanamke mnene aliyevaa koti la kazi. Mwanamke huyo ni Gudrun, dereva wa manispaa ya Duluth, mji wa baridi kando ya ziwa kubwa, ambaye akiweka kiganja juu ya barafu, barafu humsikiliza. Solvei alimbuni akiwa zamu ya redio katika ofisi ya barabara, akiwaelekeza madereva wa kweli wapite wapi ziwa linapoanza kutupa theluji mjini. Sasa Gudrun hayupo. Yupo huyu jamaa.

"Mwezi wa kwanza, Duluth, kifua wazi," Solvei aliiambia skrini. "Ungekufa kabla ya ukurasa wa pili, mjinga wewe."

Akashuka kwenye maelezo. Yeye mwenyewe alikuwa amekiweka kitabu kwenye rafu ya mashujaa wenye nguvu za ajabu, kwa kuwa ndicho kilivyo. Sasa duka la mtandaoni lilikionyesha kwenye rafu ya mapenzi ya mashujaa. Pembeni paling'aa kile kibandiko cha rangi ya chungwa ambacho waandishi wanaojichapishia hukiota usingizini: namba moja.

Mtu mmoja tu ndiye angeweza kufanya hivyo. Garrick Puhl alikuwa mwenyekiti wa kundi lao, watu wachache wa Duluth na vitongoji vyake wanaoandika hadithi za mashujaa na kuzichapisha wenyewe. Ndiye aliyejua kupanga kurasa na kuzipandisha dukani, kwa hiyo kila mmoja alikuwa amempa neno lake la siri. Usingempa mtu usiye na undugu naye funguo za nyumba kwa sababu tu anajua kupaka rangi dari. Wao walimpa Garrick vitabu vyao kwa sababu anajua kunyoosha pambizo.

Alimpigia simu.

"Umeona?" Garrick alipokea akipiga kelele. "Namba moja, dada! Namba moja!"

"Garrick, nani huyu kwenye kitabu changu?"

"Nani?"

"Huyu aliyevua nguo."

"Aa, huyo. Huyo ndiye soko."

"Soko gani lisilo na shati?"

"Sikiliza, usianze. Mwaka juzi watu walitaka majambazi waliotubu. Mwaka jana walitaka shujaa anayehesabu pointi zake kama mchezo wa kompyuta, Dewayne wetu akavuna. Sasa hivi wanataka mapenzi. Ile rafu yako ya zamani imekufa. Umeitazama hivi karibuni?"

Alikuwa ameitazama. Hiyo ndiyo ilimchosha zaidi. Rafu ya mashujaa ilikuwa ndogo, na kwa sababu ni ndogo ilikuwa rahisi kuwa wa kwanza, na kwa sababu ni rahisi kuwa wa kwanza kila mtu alijipenyeza humo. Ungetafuta shujaa anayeruka ungeletewa mnyonya damu tajiri, mchunga ng'ombe tajiri, kocha tajiri wa mpira wa magongo, na siku moja kitabu cha kufundisha mbwa adabu, ambacho angalau hakikuwa na tajiri. Wenye mashujaa wa kweli wakasukumwa mpaka ukurasa ambao hakuna anayefika. Nao, badala ya kulalamika, wakaenda kujipenyeza kwenye rafu za wengine.

"Changu si cha mapenzi," Solvei alisema.

"Gudrun ana mume."

"Mume anakufa!"

"Anakufa mwishoni. Mpaka hapo wanapendana."

Solvei alikaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, maana alikuwa amezungumza huku akitembea mpaka bafuni. Alijaribu kueleza kwa upole. Wasomaji wa mapenzi wana sharti moja tu, na kila mwandishi analijua, hata anayejifanya halijui: mwishoni wawili wale wawe hai na wawe pamoja. Watakusamehe makosa ya uandishi. Watakusamehe hata kama shujaa ana macho ya bluu sura ya kwanza na ya kahawia sura ya sita. Ukimuua mume, hawatakusamehe.

"Rudisha jalada langu, Garrick. Leo."

"Nisubirie wiki hii tu. Ni wiki ya kupigiana debe, Solvei. Nakuomba."

Hapo ndipo alipomshika pabaya. Kila mwaka kundi lilikuwa na wiki moja ambayo kila mwanachama anawaandikia wasomaji wake barua na kuwasifia vitabu vya wenzake. Duka likiona watu walewale wananunua vitabu vyote, linaanza lenyewe kuvipendekeza pamoja. Kitabu cha Solvei kilikuwa kileleni, na kiliwavuta wengine kama gari linalovuta matela. Akikiondoa, wote wanashuka.

Na hawa ndio watu wake. Kazini wakisikia anaandika humwuliza kama ni vitabu vya watoto. Mama yake kule Hibbing huwaambia majirani kwamba Solvei "anachapa chapa vitu." Kwenye kundi hili tu ndiko angeweza kusema, "Gudrun amekwama darajani na sijui nimtoe vipi," na mtu akaweka kikombe chini na kuanza kumfikiria Gudrun kama shangazi aliye hospitalini. Akilipoteza kundi, atabaki kuzungumza na skrini.

"Wiki hii tu," alisema, akajichukia palepale.

Wasomaji walikuja kwa wingi, na walikuja na njaa ya kitu kingine.

"Nimesubiri busu, nimepewa maelezo ya breki," aliandika mmoja, akaacha nyota moja. Mwingine: "Mwanamume wa kwenye jalada yuko wapi? Nimesoma kitabu chote, hayumo." Hilo Solvei hakuweza kulibisha. Mwingine aliuliza kwa herufi kubwa kama mwandishi amewahi kupendwa. Nyota zilianguka. Kibandiko kikabaki, kwa maana duka linahesabu wanaonunua, halihesabu wanaolia.

Na wale wake wa siku zote, wale wanaopenda mwanamke mzima aliye kazini na barafu mkononi? Mzee mmoja wa mji jirani wa Two Harbors, aliyestaafu kuendesha gari la theluji, alimwandikia: "Nilikiona nikapita. Nilidhani ni Solvei mwingine."

Kwa siku kadhaa Solvei alikuwa na hasira na wasomaji. Alimsomea rafiki yake wa zamu maneno yao kwa sauti ya kubana pua. Ile ya breki waliirudia mpaka madereva wakaisikia redioni. Kisha, akiwa anakula sandwichi mezani kwake, ikaja barua ya mwanamke wa Nebraska aitwaye Verna Stuhr.

"Sikuandikii kukutukana," Verna aliandika. "Mume wangu alifariki theluji ilipokuwa inayeyuka. Tangu hapo nasoma mapenzi tu, kwa sababu huko najua wote watafika nyumbani salama. Kitabu chako nilikisoma kitandani, upande wake wa kitanda. Odell, mume wa Gudrun, alipozama chini ya barafu nilikifunga na sikulala. Nadhani umeandika vizuri, na hilo ndilo tatizo. Kwa nini hamkuniambia?"

Solvei aliweka sandwichi chini. Redio ilimwita, akaijibu, akampeleka dereva njia ya kilimani, akarudi kwenye barua. Alijaribu kupata kosa la Verna. Hakulipata. Mama huyu alifuata kibao kilichoandikwa mlangoni, akaingia, akakuta kile alichokuwa anakikimbia. Na aliyekipigilia kibao hakuwa Verna.

Kwanza alimwandikia Verna, akamwomba msamaha bila kumtaja Garrick wala soko. Halafu akabadilisha neno la siri, akamrudisha Gudrun juu ya boneti, akakirudisha kitabu kwenye rafu yake. Kisha akawaandikia wasomaji wote waliokuwa kwenye orodha ya pamoja ya wiki ile, ambayo kila mwanachama alikuwa nayo, wake na wa wenzake:

"Kitabu changu kilikuwa kwenye rafu isiyo yake. Si hadithi ya mapenzi. Mume anakufa. Kama ulikinunua kwa ajili ya yule kaka asiye na shati, kirudishe dukani, una haki. Na hivi vingine tulivyowasifia wiki hii, visomeni kwa majina yao halisi. Cha Leota ni mapenzi ya kweli, wote wanaoana. Cha Dewayne ni mchezo wa pointi, hakuna anayemshika mtu mkono. Cha Garrick ni vita kuanzia mwanzo hadi mwisho, na yule msichana kwenye jalada anatokea ukurasa mmoja."

Akabofya kutuma, akaendelea na zamu.

Kufikia Ijumaa wiki ya kupigiana debe ilikuwa imesambaratika. Watu walirudisha vitabu. Walirudisha cha Solvei, wakarudisha cha Dewayne, wakarudisha cha Garrick wakimtaja yule msichana wa ukurasa mmoja. Vibandiko vilidondoka kimoja baada ya kingine.

Jumamosi walikutana kama kawaida kwenye chumba cha nyuma cha mkahawa wa barabara ya Superior. Leota Brandvold, mwalimu mstaafu, mkubwa wao kwa umri, alikuwa ameleta vipande vyake vya keki ya limau kwenye sinia lenye mfuniko. Hakuna aliyeufungua. Kila mtu alizungumzia hali ya hewa kwanza, kwa kirefu, kama ilivyo desturi watu wakiwa na ghadhabu.

"Basi," Garrick alisema hatimaye, akikuna shingo. "Kuna lile jambo."

"Lipi?" Solvei aliuliza.

"Usifanye hivyo, Solvei. Unalijua."

"Nataka ulitaje. Umezoea kuvipa vitu majina, haya, lipe jina."

Dewayne Kittelson, kijana mrefu anayeendesha lori la maziwa, aliguna. "Mimi sikuvuliwa shati, lakini umenianika mbele ya watu. Eti hakuna anayemshika mtu mkono!"

"Kwani yupo?"

Dewayne alifikiri. "Kuna mahali wanapeana upanga."

"Dewayne, bwana."

"Sawa, hayupo. Lakini ungeniambia mimi, usingewaambia wao!"

Leota alikuwa amekunja mikono juu ya mfuniko wa sinia. Aliposema, hakupaza sauti, na Solvei aliumia zaidi kuliko kama angepigiwa kelele.

"Changu kilikuwa mahali pake, binti yangu. Nilifuata sharti. Wamekirudisha hata hivyo. Mmoja kaniandikia kwamba hana imani tena na yeyote kati yetu."

"Hilo linaniuma, mama Leota. Kweli kabisa."

"Basi liseme."

"Nimesema linaniuma. Lakini nani aliyewavunjia wasomaji imani? Mimi niliyesema mume anakufa, au aliyewauzia mume asiyekuwemo?"

"Nilikuwa nakusaidia!" Garrick alipiga meza, vijiko vikaruka. "Ulikuwa unauza kwa nani? Kwa mzee wa Two Harbors! Nilikuletea wasomaji, watu wazima, kwa mamia!"

"Uliniletea mjane, Garrick. Ulimtoa Nebraska na kumwingiza kwenye mazishi, huku kwenye simu ukinipongeza."

Garrick alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaisukuma mezani kwa kidole. Alikuwa amemwandikia kabisa barua ya kuomba radhi: wasomaji wapendwa, nilikuwa nimechoka, nilikosea, wenzangu hawana hatia, tuanze upya. Maneno mazuri, yamepangwa vizuri, pambizo zimenyooka.

"Itume hiyo leo," alisema, sasa kwa upole, "na mwezi ujao kiti chako kipo. Usipoituma, sijui. Kundi limezungumza."

Solvei aliwatazama. Dewayne alitazama dirisha. Leota alimtazama yeye, na usoni mwake hapakuwa na hasira, palikuwa na ombi. Huku Duluth, mtu akikukanyaga mguu, wewe ndiye unayesema samahani, naye anasema hapana, samahani ni yangu, na mnaweza kusimama mlangoni hivyo mpaka chakula kipoe. Samahani hapa haigharimu kitu. Ndiyo maana wote walikuwa wamemaliza kuitoa vichwani mwao na kumwandalia.

"Neno moja tu, mpenzi," Leota alisema. "Neno moja, tule keki, tumjadili Gudrun. Si umesema amekwama tena?"

Amekwama, ndiyo. Kitabu cha pili kilikuwa kimemwacha Gudrun mjane, gizani, juu ya ziwa lililoganda, na Solvei hakujua amtoe vipi. Hakukuwa na meza nyingine duniani ambapo angeweza kuuliza. Alivaa glavu moja, kisha ya pili, akaisukuma karatasi irudi kwa Garrick.

"Nitamkwamua mwenyewe."

"Solvei, usiwe mkaidi. Sema tu."

"Sisemi."

"Basi sema hata kwa Leota."

"Kwa Leota nimesema kinachoniuma, na kitaendelea kuniuma. Lakini kuomba radhi kwa sababu niliwaambia watu walichokinunua? Siombi. Siombi hapa, siombi kwa barua, siombi mwezi ujao. Siombi radhi."