Jua la Uani

Asubuhi, waigizaji wakiwa bado wanapakwa poda, msaidizi wa kamera alipita na kipimamwanga chake, akakisogeza kwenye shavu la kushoto la Fundi, akasoma namba kwa sauti, kisha akamwomba ageuke kidogo. Fundi akageuka. Nje kulikuwa na mawingu na manyunyu, kama ilivyokuwa karibu mwaka mzima katika jiji lile, lakini shavuni mwake liliwaka jua la jioni, jua la watu waliokwisha kumaliza kazi na sasa wanatafuta pa kukaa. Lilimwagika begani, likafika mpaka kwenye kiti cha mwigizaji wa kike, na mwigizaji akapendeza.

Jua hilo lilikuwa la uani kwa mama yake. Alipohama lilimfuata, basi. Uwanja wa ndege, ofisa wa uhamiaji alijikinga macho kwa pasipoti ya Fundi mwenyewe na kumuuliza amebeba nini.

"Jua la nyumbani."

"La matumizi yako mwenyewe?"

"Langu tu."

"Usiliuze," ofisa alisema, akagonga muhuri.

Kwa kuwa saa za kwao na za kule hazikuoana, jua lilimchomozea watu wakiwa wamelala na kumzamia wakati wa chakula cha mchana. Alilala amejifunika blanketi gubigubi. Jirani wa chini, aliyeona mwanga dirishani usiku kucha, aliwaambia wanawe wamwige yule mama wa juu anavyosoma.

Kwao Fundi alikuwa mpigapicha wa filamu na mwongozaji. Alitengeneza filamu ya hali halisi kuhusu wanawake wagonga kokoto, akaishi nao hadi wakaizoea kamera kama mtoto wa jirani, na filamu hiyo ndiyo iliyomletea mwaliko wa kusafiri. Huku ugenini vyeti vyake vilisifiwa, vikatolewa nakala, naye kampuni moja ya filamu ikampa nyaya azikunje. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Bosi wa kampuni alimwambia. Fundi aliinama hata akazijua sakafu za studio zote za jiji lile.

Alipandishwa cheo kwa bahati tu. Siku moja alipita kuchukua waya, na mpigapicha mkuu, ambaye wote walimwita Mzee wa Lenzi, akaona uso wa mwigizaji umenawiri ghafla. Alimwomba Fundi arudi pale alipopita. Tangu siku hiyo Fundi hakukunja waya tena. Kazi yake ikawa kusimama. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli walipona. Filamu za kampuni zilianza kusifiwa kwa mwanga wake, Mzee wa Lenzi akajaza tuzo kabati zima, na jina la Fundi likawa linapita mwishoni mwa kila filamu, chini ya vifaa vya taa, kati ya miavuli na stendi.

Kusimama nako kuna ufundi wake. Kamera ikishaanza, husogei. Pua ikikuwasha, iache iwashe. Chafya inamezwa. Fundi aliijua kanuni hiyo tangu zamani, maana ndiyo aliyowafundisha vijana wake alipokuwa na vijana, na sasa ilikuwa imemwingia magotini.

Tatizo lilikuwa moja, nguo. Mama yake alianika uani, na jioni vivuli vya mashuka vilikatiza usoni mwa Fundi na kuharibu picha. Bosi aliuliza kwa upole kama mama hawezi kuanika kwingine. Fundi akapiga simu.

"Mama, nguo zako zinaingia kwenye picha."

"Zipi?"

"Zote. Hasa lile shuka kubwa."

"Makubwa haya. Kwa hiyo jua langu siku hizi lina bosi?"

"Samahani, mama."

"Nitaanika mbele, mwanangu, yasiwe makubwa. Ila mjomba wako atanuna. Hapendi nguo barabarani, anasema zinafukuza wanunuzi."

"Bado anataka kuuza kiwanja?"

"Jana kaja na wawili wenye viatu vya kung'aa. Nimemwambia mimi humu nitatoka nimebebwa." Mama alicheka. "Na wewe hiyo filamu yangu lini? Nimeshaacha kunenepa kwa ajili yako."

Hicho ndicho Fundi alichokitaka kuliko vyote, filamu juu ya mama yake na ua wake, akiongoza mwenyewe, kamera begani mwake na si jua tu. Bosi alikuwa amemwahidi. Tukimaliza hii, alisema, zamu yako. Alisema hivyo kila filamu ilipoanza, na kila mara Fundi aliamini, kwa sababu asiyeamini hawezi kusimama siku nzima bila kujikuna.

Siku ya moto walikuwa wakipiga tukio la wapenzi wawili wanaopatana mbele ya moto wa kuotea. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Kwao kulikuwa usiku, kwa hiyo Fundi alikuwa amezimika kama kawaida, na walikuwa wakitumia moto wa taa na karatasi usioweza kumdanganya hata paka. Bosi alikasirika. Hata hivyo kamera ikaanza. Fundi alikuwa kando ya wapenzi, nje kidogo ya picha, mgongo kwa ukuta.

Mara shavu lake likawaka. Haukuwa mwanga wa asubuhi wala wa jioni. Ulikuwa wa rangi ya chungwa, ukirukaruka, ukamjaa kifuani, ukawafika wapenzi, ukatapakaa ukutani nyuma yao. Haukuwa na joto. Jua lake halikuwahi kuwa na joto. Bosi alinyanyua kiganja: usisogee. Alikuwa na tabasamu la mtu aliyeokota pochi.

Fundi alijua. Uani kwa mama yake hakukuwa na taa ya namna ile, wala sherehe isingeweza kuwaka hivyo. Alitaka kukimbilia simu yake kabatini. Aliwaza kukimbia, akaiona kabisa njia ya kupita kati ya stendi, na magoti yakakataa, kwa kuwa kamera ilikuwa inazunguka. Alisimama. Mama yake alikuwa anaungua shavuni mwake naye amesimama wima kama alivyozoezwa.

Kisha mwanga ukafifia kidogo, kama vile mtu amesimama mbele yake, na Fundi akasikia sauti ikinong'ona, "Fungua lenzi kidogo, mwanga unapungua." Sauti ilikuwa yake. Mzee wa Lenzi akafungua. Katika yote yaliyotokea siku ile, hilo ndilo lililomshtua Fundi kupita yote, na mshtuko ule haukumtoka tena: moto ulikuwa wa watu wengine, lakini mdomo ulikuwa wake.

Wapenzi walibusiana. Bosi akasema kata, watu wakapiga makofi, mtu akamletea Fundi chai.

Fundi alikimbilia simu kabatini, akapiga na kupiga; mdogo wake wa kike, aliyeishi na mama, alipokea saa moja baadaye.

"Dada, nyumba imeungua."

"Mama?"

"Alikuwa ndani. Mimi nilikuwa kazini."

"Hakuweza kutoka?"

"Mlango ulifungwa. Wanasema alijifungia mwenyewe, akasahau jiko linawaka. Mjomba ndiye aliyewaeleza polisi. Yeye alifika wa kwanza."

Fundi alikaa chini kwenye sakafu, mahali alipopajua vizuri, na chai ilikuwa imeshapoa.

Kampuni ilituma shada la maua na kumpa mapumziko. Aliporudi, msaidizi alimpima shavu na kusema namba mpya, kubwa. Kuta za uani hazikuwapo tena, wala paa, wala kamba za nguo. Jua lilikuwa linafika moja kwa moja. "Limeongezeka," Bosi alisema kwa furaha ya kweli, na akaagiza taa mbili zirudishwe stoo.

Siku hiyohiyo Mzee wa Lenzi alimvuta pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na tuzo nyingi.

"Kwenye kile kipande cha moto kuna mtu," alisema. "Kivuli, ukutani. Sijaelewa anafanya nini. Ila kaupendezesha ukuta."

Fundi alikwenda kwa Bosi akiwa bado na nguo za kazi. Aliomba kipande kile, nakala tu. Polisi wa kwao walikuwa wameshafunga jalada kwa sababu ya jiko, na hakukuwa na macho mengine yaliyoona ua ule usiku ule isipokuwa kamera ya kampuni. Tena hakuwa na picha nyingine ya kuanzia filamu ya mama yake. Hakuwa na mama mwingine wa kupiga picha.

Bosi alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri.

"Kipande ni mali ya filamu," alisema. "Ulikuwa kazini, Fundi, na mwanga wako ulikuwa kazini."

"Ni kifo cha mama yangu."

"Najua. Ndiyo maana tulileta maua." Alifikiri kidogo. "Filamu ikitoka utaiona, kama watu wote. Halafu zamu yako."

Filamu ilitoka wiki ambayo mdogo wake aliwasili. Alikuja bila jua lolote, amevaa koti zito jipya. Fundi alimkumbatia muda mrefu kwenye uwanja wa ndege, na abiria wakawapisha huku wamekunja macho.

"Mjomba anakusalimu sana," mdogo wake alisema. "Koti kaninunulia yeye. Tiketi pia, baada ya kiwanja kuuzika. Alilia, dada. Alisema damu nzito kuliko maji."

Walienda sinema mchana, wakati kwao ni usiku, kwa sababu mlangoni mwa ukumbi Fundi alikuwa amekataliwa asubuhi. Jua lake lilifuta picha kwenye pazia. Mchana waliruhusiwa. Walikaa katikati. Filamu ilikuwa ndefu na wapenzi walikuwa wakaidi, ikabidi wangoje.

Kisha chumba, wapenzi, moto. Ukutani nyuma yao kikapita kivuli cha mtu amebeba dumu. Alikuwa akiinamia upande wa kulia kila hatua, na alimimina bila haraka, kama amwagiliaye bustani. Aliweka dumu chini. Kivuli cha mkono kikasukuma komeo la mlango kwa nje. Mlango ukatikisika. Ukatikisika tena, kwa muda mrefu kuliko Fundi alivyodhani mlango unaweza kutikisika, na mwigizaji wa kiume akasema maneno yake ya msamaha. Yule mtu alisogea mbele ya moto kutazama, picha ikaanza kuingia giza, na papo hapo ikang'aa, kwa sababu mtu fulani alikuwa ameshauri lenzi ifunguliwe. Kivuli kikaonekana chote: bega lililoshuka tangu ajali ya baiskeli, kofia, shingo fupi ya upande wa mama yao. Kilikunja mikono ya shati vizuri, mmoja baada ya mwingine. Mlango ulikuwa umetulia.

Fundi hakusogea. Alihisi mdogo wake akivua lile koti gizani, polepole, mkono mmoja kisha mwingine, hadi likaanguka miguuni mwao.

"Dada," mdogo wake alisema kwa sauti. "Ni mjomba."

"Ndiyo."

"Ni mjomba, dada. Huyo hapo. Ni mjomba."

Mwanamke wa kiti cha nyuma aliwagusa mabegani, kwa adabu, akawaomba wanyamaze, maana wale wawili walikuwa karibu kubusiana.