Maji Hayachagui

Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema. Maziwa huzoleka. Mimi niliyazoa miaka kumi na miwili baadaye, tone kwa tone, nikayatia kwenye kichupa kisichozidi kidole gumba, nayo yakasema.

Baba alikuwa mkamuaji. Asubuhi moja meneja wa shamba alimsimamisha mbele ya wenzake, akainua karatasi ya vipimo, akasema mafuta ya maziwa yameshuka, kwa hiyo kuna mtu anayatia maji. Meneja huyo alikuwa mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja. Baba akafukuzwa kazi, na tangu siku hiyo akaitwa Bwana Maji: dukani, kwa kinyozi, hata msibani. Mtu akimpa kikombe cha chai humtania, "Usiongeze." Baba alicheka pamoja nao. Kicheko hicho ndicho kilichonipeleka chuoni kusomea upimaji wa maziwa. Wengine husukumwa na ndoto. Mimi nilisukumwa na kinyongo.

Nilipohitimu niliomba kazi palepale. Baba mdogo alinipokea kwa mikono miwili. Mwenye kisu hakumbuki shingo. Alinikabidhi chumba cha vipimo: meza ya bati, sinki lenye ufa, mashine inayokoroma kama paka aliyeshiba, na kabati la madaftari ya zamani. Nilifungua kabati kabla ya kufungua dirisha.

Daftari la mwaka ule lilikuwepo. Safu ya mafuta ilikuwa imeporomoka kweli. Lakini safu ya pili yake, ya protini, ilikuwa imesimama kama nguzo. Nikakaa chini. Maji hayachagui. Yakizimua mafuta, huzimua na protini, huzimua na sukari, huzimua vyote kwa kipimo kimoja. Na malai, yale mafuta yanayoelea juu, hayangeweza kuenguliwa, kwani sampuli zilikingwa chini ya chuchu, ng'ombe mmoja mmoja. Mafuta yakianguka peke yake namna ile, mgonjwa ni ng'ombe: ameshindiliwa nafaka, amenyimwa majani, tumbo limechacha, hacheui. Na aliyepanga malisho mwaka ule alikuwa meneja mwenyewe.

Ningeweza kulibeba daftari nyumbani jioni ileile. Sikulibeba. Baba alivuliwa nguo hadharani. Sikutaka avikwe chumbani.

Mwezi wa nne wa kazi yangu, mwenye shamba alitangaza kuwa anakuja. Baba mdogo akataka ndoo zifurike. Akaamuru nafaka iongezwe, majani yapunguzwe. Haikupita wiki, ng'ombe tisa mafuta yao yakashuka chini ya protini. Nilimwandikia taarifa kama kazi inavyonidai. Aliisoma akiwa amesimama, akacheka.

"Mwanangu, hii mashine yako nayo ina ukoo na Bwana Maji."

Taarifa ya pili sikuiandika. Siku kumi nilipima, nikaona, nikafunga daftari. Ng'ombe mmoja mweupe tuliyemwita Bi Harusi alianza kuchechemea. Asidi ikizidi tumboni hushukia kwatoni. Alinitazama nikipita na vichupa vyangu. Nilipita.

Mwenye shamba akaja: mama mfupi, viatu vya mpira, maneno machache. Alionja maziwa, akauliza mbona mepesi. Baba mdogo hakupepesa jicho. Alimnyooshea kidole mkamuaji aliyekuwa karibu, mjane aliyeshika nafasi ya baba, akasema watu hawa wana tabia ya kutia maji.

Banda lilelile, maneno yaleyale. Nilihisi utamu ulimini, sitaficha.

"Maji hayachagui," nikasema.

Nikafungua madaftari mawili, la zamani na langu, nikayalaza juu ya pipa. Nilieleza polepole ili kila mkamuaji aelewe. Mwenye shamba alipitisha kidole kwenye safu, kisha akauliza nani anapanga malisho. Wakamuaji wakamgeukia baba mdogo. Akainama horini, akachota nafaka tupu kwa kiganja, akaitazama, akamtazama meneja wake. Akamwomba funguo.

Mimi nikaomba jambo moja tu: kabla baba mdogo hajaondoka, aseme mbele ya wote kwamba kaka yake hakutia maji. Alisema, macho chini. Nikamwambia wa nyuma hawakusikia, arudie. Akarudia.

Nyumbani mama hakushangilia. Alisema shemeji yake amejifungia ndani, hali, hasemi. Kwamba haki ningeipata bila ile "arudie". "Damu nzito kuliko maji, mwanangu. Nenda kamwombe radhi baba yako mdogo."

Baba alikuwa na kikombe cha chai mkononi; wakamuaji walikuwa wameshampa habari za banda. Nilitarajia machozi, au walau kile kicheko kiondoke usoni mwake mbele yangu. Badala yake aliuliza, "Yule mweupe anayechechemea. Ulijua tangu lini?"

"Siku kumi."

Akaweka kikombe chini. "Mimi ningesema siku ya kwanza."

 Nimetumia mashine nyingi chuoni, hakuna iliyonisoma haraka namna ile.

Sasa kila asubuhi, kabla ya vichupa, humpelekea Bi Harusi fungu la majani makavu, nikamlisha kwa mkono. Ameanza kucheua. Mguu bado. Nimemwomba radhi, kwa jina lake, mdomo wangu karibu na sikio lake. Yule mjane naye nimemwomba radhi, kwa kidole alichonyooshewa kabla sijafungua kinywa. Alinikubalia, lakini siku hizi hanitanii tena.

Mama amewatuma shangazi wawili, na jana alikuja mwenyewe hadi mlangoni mwa chumba cha vipimo, kanga ikiwa imefungwa vizuri kama mtu wa safari, kuniuliza kama niko tayari twende sote kwa baba mdogo.

Nikakausha mikono. Nikamkaribisha kiti.

"Kwake siendi, mama. Wala radhi siombi."