Wati Sitini

Mtoto wa Phelesia alizaliwa kabla miezi yake haijatimia, mdogo kiasi kwamba muuguzi Filister alimbeba kwa kiganja kimoja. Hospitali ile ya misheni, kwenye kilima nje ya Magunga, ilikuwa na sanduku moja tu la kuwalea watoto wa namna hiyo: la mbao, lenye kifuniko cha kioo na balbu nne chini yake. Joto la balbu ndilo lililomfanya aendelee kuishi. Phelesia alikuwa amevuka ziwa kutoka kisiwa cha Takawiri huku uchungu umeshamshika, na watoto wawili wa kwanza alikuwa ameshawazika. Hakubanduka kando ya sanduku. Alikuwa akimwita aliyemo ndani nyathina, mwanangu, kwa sauti ya chini.

Umeme ulitoka kwenye jenereta ya Walter, fundi wa hospitali. Aliyemwamuru Walter alikuwa msimamizi, Bwana Dishon, ambaye zamani alifundisha fizikia na bado alisema na watu wazima kama wanafunzi waliochelewa kipindi.

Mwezi wa Aprili, mwaka wa 1967, Dishon alipata habari kwamba mfadhili, mama mmoja Mzungu wa Nairobi, angekuja kula chakula cha mchana. Akaazima friji ya vinywaji, vipaza sauti na mashine ya sinema. Asubuhi ya siku hiyo mvua ilikuwa ikinyesha na upepo wa ziwani ukiingia hadi wodini. Dishon akamfuata Walter kwenye chumba cha jenereta.

"Hii inatoa volti ngapi?"

"Mia mbili na arobaini, Mwalimu."

"Na mwisho wake ampea ngapi?"

"Tano. Zikizidi, fyuzi inakatika."

"Vitu vya mgeni vinavuta nne na nusu. Sanduku la mtoto linavuta moja. Jumla?"

"Tano na nusu," Walter akajibu. "Tuache sinema, Mwalimu."

"Sinema haiachwi."

"Basi nitoe balbu mbili. Joto litabaki nusu, Sista Filister ataongeza chupa za maji moto."

Dishon akatikisa kichwa. "Sanduku lile alilinunua yeye. Akikuta balbu mbili atauliza nyingine ziko wapi. Nataka aone nne, zote zinawaka." Akachukua chaki, akaandika mlangoni huku akisema, na uso wake ukachangamka. "Balbu moja inavuta robo ampea. Gawanya volti kwa ampea, unapata ukinzani wake: omu mia tisa na sitini. Sasa zifunge mbili mbili, umeme upite ya kwanza ndipo uingie ya pili. Ukinzani unakuwa maradufu, mkondo unapungua nusu. Jozi zote mbili zitavuta robo ampea tu. Zidisha kwa volti."

Walter alizidisha. "Wati sitini. Kutoka mia mbili na arobaini."

"Umefaulu."

"Mwalimu, hiyo ni robo ya joto. Na baridi hii?"

"Kwa saa chache. Mtoto mwenyewe ana uzito wa kifaranga, moto mdogo utamtosha. Au nimwite Mwikwabe kutoka Migori? Kila mara ananiomba kazi hii."

Walter aliishi na mkewe Benta na watoto wao katika nyumba ya hospitali. Akachukua koleo.

Alipomaliza kufunga nyaya, balbu ziliwaka rangi ya chungwa. Phelesia akamwuliza kama zimeharibika. Walter akasema hapana, akatoka upesi. Filister alikimbilia jikoni kutafuta maji moto, akakuta majiko yote yanapikiwa karamu. Kabla hajapata hata chupa moja, Dishon akamwita akajipange na wauguzi wengine wa kuimba.

Mgeni alipoingia wodini, alizihesabu balbu kwa kidole, akatabasamu. Phelesia akamshika mkono. "Koyo chamo nyathina," akasema. Baridi inamla mwanangu.

"Anasemaje?" mgeni akauliza.

"Anakushukuru," akasema Dishon.

Mgeni akampigapiga Phelesia begani, akaenda kula. Sinema ikaanza. Phelesia aliivua leso yake akaitandaza juu ya kioo, kisha akakilalia kifuniko kwa kifua chake ili akitie joto.

Gari la mgeni lilipoondoka, Walter alikimbia wodini kurudisha nyaya. Balbu zikawaka nyeupe tena. Filister, aliyefika pamoja naye, aliingiza mkono sandukuni, akautoa polepole. Mtoto alikuwa ameshakufa, amekauka.

Dishon alikuja akiwa bado na ua kwenye koti. Akamtazama Phelesia. "Umefungua kifuniko mara ngapi? Baridi umeiingiza mwenyewe."

"Hakufungua," Walter akasema. Akamgeukia Phelesia, akamweleza yote kwa Kijaluo: joto lilivyopunguzwa, na kwa ajili ya nani.

"Kufika jioni uwe umehama," Dishon akamwambia Walter, akatoka.

Phelesia hakumtazama Dishon. Alimtazama Walter.

"Nyaya alizifunga nani?"

"Mimi."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Yule alipiga hesabu akiwa huko nje," akasema. "Wewe ulikuja mpaka hapa. Ulimwona uso."

Alimfunga mtoto kwenye leso, akashika njia ya Mbita kutafuta mashua, mvuani. Walter alimfuata kwa mbali, akiwa na mwavuli wa Filister mkononi, asijue jinsi ya kumpa. Bondeni Phelesia aligeuka, akamwona. Akainama huku amembana mtoto kifuani, akaokota jiwe, akasubiri asogee karibu.