Jina la Basappa Badiger

Kila Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, Basappa Badiger, seremala wa mji wa Dharwad huko India, aliweka msumeno chini, akakung'uta unga wa mbao magotini na kuketi mkekani, uso kwa uso na Girija, mwanafunzi wake wa filimbi. Mteja aliyekuja kuulizia kitanda chake aliambiwa na Ratnavva, mke wa seremala, asubiri nje. Basappa hakufundisha wawili kwa pamoja. Pumzi ya mtu mmoja tu ilimtosha kuisikiliza. Miezi minane ya mwanzo walikaa kwenye sauti moja ya filimbi, mpaka mwanzi ukaacha kukoroma. Baada ya miaka kumi na mmoja, Girija alikuwa akipuliza vizuri kuliko karibu wote mkoani.

Ndipo redio ikamwita. Kwa desturi, mwanamuziki akimtaja mwalimu wake hugusa sikio kwanza, hata akiwa sokoni ananunua vitunguu.

"Dada, umefunzwa na nani?" mtangazaji akauliza.

Nyuma ya kioo walikaa wakubwa wa muziki. Girija akawaza watakavyotazamana wakisikia ni seremala. Mkono ukabaki pajani.

"Nimejifunza mwenyewe," akasema.

Tangu siku ile, kila alipojaribu kulitaja jina la Basappa Badiger, kinywani ilimtoka pumzi tupu, kama ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Majina mengine aliyatamka bila taabu. Mumewe aliomba tu asilijaribu karibu na taa ya sala, maana ilizimika mara mbili.

Alhamisi akaenda kukiri. Basappa alikuwa ameisikia redio, kama mtaa mzima.

"Niite," akamwambia.

Girija akagusa sikio, akamwita. Unga wa mbao ukaruka.

"Unapuliza juu mno. Shusha kidevu. Tena."

"Mwalimu, si unitukane tu yaishe?"

"Hiyo nayo itakufunza nini? Tena."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililomchoma Girija. Mwaka mzima waliiweka filimbi kando, Basappa akamfundisha kulitamka jina lake yeye mwalimu kwa subira ileile, wateja wakingoja nje. Walikuwa wamefika kwenye "Ba", tena hafifu, mvua zilipoanza na Basappa akafa kwa kifua.

"Alisema mmebakiza kidogo," Ratnavva akamwambia siku ya matanga.

"Kidogo kiasi gani, mama?"

"Miaka miwili, mitatu hivi. Alisema wewe si mwepesi, lakini huchoki."

Kwenye tamasha la kumkumbuka, wanafunzi wake wanne wa zamani walipanda jukwaani mmoja mmoja, wakagusa sikio, wakalitaja jina. Zamu ya Girija ilipofika, alilibana sikio mpaka likamuuma, akashusha kidevu kama alivyofunzwa. Shada la maua kwenye picha ya marehemu likatikisika. Hata ile "Ba" haikuwepo.

Mshereheshaji alisubiri kwa adabu, kisha akasoma karatasi iliyoletwa kutoka redioni: "Bi Girija Kulkarni, aliyejifunza mwenyewe."

Girija akapuliza, wala hajawahi kupuliza vizuri kama siku ile. Kila pumzi aliyovuta, aliivuta pale alipofundishwa na Basappa. Alipomaliza, watu wakasema ni kipaji cha kuzaliwa. Ratnavva, mstari wa mbele, akapiga makofi pamoja nao.