Lori Lisilokaguliwa

Afisa wa forodha aliponiona nimekaa mbele ndani ya lori, kando ya baba, aliirudisha kalamu mfukoni. Nyuma yetu magodoro yalikuwa yamepangwa hadi juu na kufunikwa turubai, na jua lilikuwa linaunguza mabati ya ofisi ya forodha. Alimwamkia baba kama kijana yeyote mwenye adabu. Baba akaitikia marahaba bila kuzima injini. Kisha yule afisa akanitazama mimi. Alikwenda mwenyewe kwenye kizuizi, akalishika lile bomba refu kwa mikono miwili, akaliinua.

Tukapita.

Mtu huyo alikuwa ameomba kunioa, na posa alikuwa ameshaileta kwa wazee wangu. Jibu lilikuwa bado liko kwa baba.

Watu walimwita baba Mzee Usingizi. Wengine walidhani ni kwa sababu ya magodoro aliyotengeneza na kuuza pande zote mbili za mpaka. Waliomjua vizuri walisema ni kwa sababu alijua kuwasinzisha maafisa wa forodha. Ndani ya pamba zake zilisafiri saa za mkononi na sigara, na mimi, tangu nilipoweza kushika ile sindano ndefu, nilijua godoro lipi nilishone mara moja na lipi nilishone mara mbili. Hakunieleza, wala hakunificha. Nyumbani kwetu magendo yalikuwa kama mkoromo wa baba: kila mtu aliusikia, na asubuhi hakuna aliyeutaja.

Yule afisa alihamishiwa mpakani akaja dukani kwetu kutafuta pa kulaza ubavu. Alivua viatu ili alijaribu godoro, na soksi yake moja ilikuwa na tundu, kidole gumba kimechungulia nje. Akaona macho yangu yamefika hapo.

"Usinicheke," alisema. "Mshahara wa serikali huanzia kichwani. Ukifika miguuni umeshachoka."

Nilimwambia aivue niishone. Akaivua. Alikaa na mguu mmoja mtupu akinitazama, na kabla sijakata uzi nilishajua kwamba nimeingia mahali ambapo kutoka si rahisi.

Tulikuwa tukikutana nyuma ya duka, tumekaa juu ya marobota ya pamba. Mara moja tu aliligusa jambo la magendo. "Kuna swali moja sitakuuliza maishani," alisema. "Na wewe usinisaidie kupata jibu lake." Nikakubali. Tangu siku hiyo nilimwambia baba kwamba macho yananiuma, siwezi tena kushona. Akaichukua sindano bila kuuliza kitu. Yule kijana naye alimwomba mkubwa wake ampeleke kukagua mizigo ya abiria, ili lori letu lipite mikononi mwa wengine, wale waliokwisha kula rushwa ya baba. Tuliona tumetumia akili. Tulikuwa tumejenga nyumba bila mlango na kusahau kwamba watu wana miguu, wanaweza kuingia.

Alipoleta posa, shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. "Paka anamposa binti wa panya," alisema. Baba hakucheka. Alisema amesikia, atatoa jibu.

Jibu halikuja. Kilichokuja ni asubuhi moja baba akiwa amekwisha kupakia lori. "Twende wote, mama," aliniambia. "Ukapunge upepo." Nikapanda. Tulipofika langoni ndipo nilipomwona. Mwenzake alikuwa mgonjwa, naye amewekwa zamu ya malori. Baba alijua. Baba alijua siku zote nani yuko langoni.

Hivi ndivyo ilivyokuwa moyoni mwangu, na sijawahi kumweleza mtu mpaka uzeeni: nilitaka afungue mzigo, akague. Niliogopa baba kufungwa, naam, damu si maji. Lakini niliona wazi kwamba akifungua, nitalia, nitamchukia kwa muda, kisha nitajua nimepata mume wa namna gani. Nikageuza uso upande wa pili, kwenye dirisha langu. Nilidhani namsaidia kwa kutomtazama.

Njiani baba hakuimba, wala hakunitania kama kawaida yake. Alishusha pumzi ndefu, nami nikadhani ni pumzi ya mtu aliyenusurika. Tulipofika mbali alisema neno moja tu: "Huyo kijana hafai." Nikaona anamdhihaki mtu aliyemwokoa. Sikuongea naye siku nzima.

Kijana alikuja dukani baada ya hapo. Alisimama mlangoni, hakukaa.

"Sikuwahi kumpitisha mtu bila kumkagua," alisema. "Sasa najua kwamba naweza."

"Ulifanya kwa ajili yangu."

"Ndiyo. Na kila nitakapokutazama nitalikumbuka."

Alikuwa ameomba uhamisho. Ningeweza kumshika mkono. Nilisema, "Haya," neno linalotosha kumuaga anayekwenda sokoni.

Niliolewa baadaye na mtu mwema, tukaishi vizuri, na sina la kumlaumu. Baba alizeeka akaacha safari. Alasiri moja nilikuwa namkata kucha za miguu, akaongea akiwa anatazama dari.

"Lile lori lilikuwa na pamba tu."

Sikuuliza lori gani.

"Maisha yangu yote nimewanunua watu wa forodha, mama. Nilitaka wewe uolewe na mmoja nisiyeweza kumnunua. Angefungua, angekuta pamba, na jioni ile ile ningemwita mkwe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungelia."

"Nililia hata hivyo, baba."

"Nilikusikia," alisema, akafumba macho.

Tulipokwisha kumzika baba, nilimtafuta yule kijana wa forodha. Nilimkuta katika mji mwingine, ana duka la rangi, kazi ya serikali aliiacha zamani. Nywele zimekuwa nyeupe, na mikononi ana madoa ya kijani. Nilimweleza maneno ya baba nikiwa nimesimama. Alikuwa anakoroga rangi kwenye kopo, na hakuacha kukoroga.

"Pamba tu," alisema.

"Pamba tu."

"Lakini mimi sikujua. Nilikiinua kile kizuizi nikiamini mmebeba magendo." Akaendelea kukoroga. "Mzee aliniona sawasawa." Kisha, kwa sauti ya chini: "Nilikuwa nangoja uniambie nifungue. Hata kwa macho."

"Na mimi nilikuwa nangoja ufungue."

Mteja akaingia, anataka rangi ya mlango. Mwenyeji wangu aliniomba radhi, akaenda kumhudumia kwa upole, akamfungulia makopo kadhaa aone. Nilipokuwa natoka, alikuwa anamweleza kwamba rangi ile ni nzuri lakini huchelewa kukauka, asiwe na haraka ya kuufunga mlango.