Maranda ya Mwerezi

Seremala alikishika kitoto cha panya kwa koleo dogo, akakitikisa taratibu juu ya maranda. Alikuwa amekitoa kwenye friji asubuhi na kukiyeyusha ndani ya kikombe cha maji ya uvuguvugu, kama alivyoelekezwa. Akaita, "Mpangaji, chakula." Ndani ya sanduku la kioo hakuna kilichotikisika. Hiyo ilikuwa wiki ya tatu anakataa kula.

Mpangaji alikuwa nyoka wa binti yake, mdogo, mnene kama mpini wa nyundo, asiye na sumu, ambaye hushinda amejifukia. Binti alikwenda masomoni kwa miezi miwili, akamwachia baba yake nyoka, balbu ya kumpasha joto na karatasi ya maelekezo. Jina alilitoa seremala mwenyewe, maana hajapata kuona mpangaji anayehamia kwako bila hata kukuamkia. Alimtania sana. Lakini tangu mama mtu afariki, yule nyoka ndiye pekee aliyemfanya binti acheke ndani ya nyumba ile, na baba alilijua hilo.

Kila Jumamosi binti alipiga simu na kuuliza kama amekula. Mara mbili seremala alijibu kwamba amekula na kushiba. Uongo wa kwanza ulimtoka kwa urahisi. Wa pili ulimwandama siku nzima, nafsi ikimsuta hata akiwa na randa mkononi.

Leo ni Jumamosi tena. Alilifunika sanduku kwa shuka, akalipakata hadi kwa daktari wa mifugo. Waliokuwa kwenye benchi na mbuzi wao walisogea kuuliza amebeba nini. Alipowaambia, benchi lote likawa lake.

Daktari, mama wa makamo mwenye mikono mipana, hakuanza na nyoka. Alinusa kwanza.

"Fundi, haya maranda ni ya mti gani?"

"Mwerezi," alijibu, na hata katika hofu ile sauti yake ilikuwa na fahari kidogo. "Nimeranda mwenyewe. Wadudu hawausogelei."

"Hicho kinachofukuza wadudu ndicho anachovuta huko chini." Alimtoa nyoka. Mdomo ulikuwa wazi, mapovu madogomadogo yakimtoka puani. "Nani alikwambia umwekee haya?"

Hakuna aliyemwambia. Karatasi ilisema mchanga mkavu, na binti aliuacha sandukuni. Seremala aliumwaga uani kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuwa aliona aibu kiumbe kilale mchangani ilhali mwenye nyumba ni seremala. Alitaka binti akirudi na kufungua kifuniko, apokewe na harufu nzuri. Tena, na hili hakumwambia daktari, alitaka asifiwe.

Daktari alimchoma nyoka sindano, akasema hawezi kuahidi kitu.

Nyumbani seremala aliyatupa maranda, akauzoa ule mchanga uani, akauchekecha, akaukausha motoni kwenye karai na kuuacha upoe. Mpangaji alijichimbia polepole, kichwa kwanza, akisimama mara kwa mara kama mzee anayepanda ngazi. Mkia ulipozama tu, simu ikaita.

"Shikamoo baba. Leo amekula?"

Jibu la kila wiki lilikuwa tayari mdomoni. Alilimeza.

"Hajala tangu uondoke, mwanangu. Nilikudanganya."

Akamweleza yote, mchanga, mwerezi na mapovu, bila kujitetea. Seremala angefurahi kama angefokewa.

"Anapumua?" binti aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sijui. Amejifukia."

"Basi mguse, baba. Usikate simu."

Aliibana simu kwa bega, akatumbukiza kiganja chote mchangani. Mchanga ulikuwa bado na uvuguvugu wa moto. Vidole vyake vikafika kwenye ngozi laini, vikatulia hapo. Kitu kilitetemeka, kidogo sana, na hakuweza kujua kama ni nyoka au ni mkono wake.

"Baba?"

"Subiri," alisema. "Subiri kidogo."